Si kila chupa ya 'nano' ni dawa

Msomaji mpenzi, ukivuka feri ya Likoni asubuhi au ukishuka matatu Kongowea, huenda umekutana na vijana wanaouza mafuta ya mimea kwenye vikapu. Yako ya karafuu, ya mchaichai, ya mkaratusi na ya mwarobaini. Siku hizi nimeanza kukuta na chupa nyingine ndogo ambayo bei yake ni mara tatu ya zile za kawaida. Nilipomuuliza kijana mmoja sababu ya bei hiyo, alinijibu kwa kujiamini: "Mzee, haya ni ya nano. Yanaingia mpaka mifupani."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu wiki hii. Kwa maoni yangu, tunakaribia kufanya makosa mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni kuamini kila chupa iliyoandikwa neno hilo. La pili ni kuidharau elimu ya kweli iliyo nyuma ya neno lenyewe kwa sababu tu imechafuliwa na walaghai. Makosa yote mawili yana gharama, na mmoja wa majirani zangu nusura ailipe gharama ya lile la kwanza.

KISA CHA JIRANI

Miezi michache iliyopita, bibi mmoja tunayeishi naye mtaa mmoja huku Kisauni alinigongea mlango magharibi. Alikuwa amempakata mjukuu wake wa miezi minane.

"Mwanangu, simwelewi mtoto huyu," aliniambia. "Titi hataki, macho yamelegea, nikimwita hageuki."

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu alasiri. Alikuwa na mafua tu."

Tulimkimbiza hospitali kwa tuktuk. Daktari alipompokea aliuliza swali moja kabla ya mengine yote: mtoto amepewa nini? Bibi akafungua fundo la leso yake akatoa chupa. Alikuwa amemtia matone matatu puani. Daktari aliigeuza chupa ile huku na huku chini ya taa. Iliandikwa kwamba ni mafuta asilia ya teknolojia ya nano, nayo hutibu mafua, maumivu ya jino, mgongo na nguvu za kiume, tena hufukuza mbu. Haikuandikwa ni mafuta ya mmea gani. Haikuandikwa yamo kwa kiasi gani, nani aliyetengeneza wala wapi.

"Hapa ninatibu kitu nisichokijua," daktari alisema, kisha akaendelea na kazi yake.

Mtoto alilazwa, akaangaliwa usiku kucha, na kwa rehema za Mungu alirudi nyumbani siku ya tatu. Bibi yule hadi leo anajilaumu. Mimi simlaumu. Alifanya yale ambayo mamake na nyanyake walimfundisha, kwamba mtoto mwenye mafua husaidiwa na harufu kali ya majani. Asichoambiwa na mtu yeyote ni kwamba majani yaliyochemshwa kwenye sufuria na mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwa majani hayo ni vitu viwili tofauti.

MAFUTA HAYA NI NINI HASA?

Tuanze na jambo hilo. Mafuta ya harufu si kama mafuta ya nazi au ya simsim. Mafuta ya nazi hukamuliwa, nayo hukaa kwenye chupa mwaka mzima bila kupungua. Mafuta ya harufu hupatikana kwa mvuke. Ukienda Wawi, karibu na Chake Chake kisiwani Pemba, utakuta kiwanda kinachokamua mafuta ya karafuu kwa namna hii, pamoja na yale yatokayo kwenye makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Mvuke hupitishwa kwenye makonyo, hubeba harufu, kisha hupozwa. Maji na mafuta hujitenga.

Kinachopatikana ni kikali mno. Gunia zima la majani laweza kukupa chupa ndogo tu. Katika mafuta ya karafuu, sehemu kubwa ni kemikali iitwayo yujenoli, ambayo hutia ganzi na kuua viini. Ndiyo sababu ukienda kwa daktari wa meno unapokewa na harufu ya pilau: yujenoli huchanganywa na unga wa zinki kuziba jino kwa muda.

Lakini ukali huo ni wa kuheshimiwa. Mwaka 1993 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilieleza habari za mtoto wa kiume wa miaka miwili aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10 za mafuta ya karafuu. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Mtoto huyo alipoteza fahamu, akapata kifafa, ini lake likaumia na damu yake ikawa haigandi. Aliponea chupuchupu. Mafuta ya mkaratusi na ya kafuri nayo yanajulikana kuleta degedege na kulegea kwa watoto wadogo yanapomezwa au kutiwa puani.

Kwa hivyo anayesema "ni ya mmea, hayana madhara" hasemi kweli. Hata mkonge na mnyaa ni mimea.

KWA NINI WATAALAMU WANAYAFUNGIA?

Mbali na ukali, mafuta haya yana kasoro ya pili: hayakai. Dondosha tone la mafuta ya mchaichai kwenye kanga, harufu itajaa chumba. Rudi baada ya muda mfupi, huikuti. Harufu unayoinusa ndiyo dawa yenyewe ikiondoka.

Kasoro hii inapimika. Mwaka 2002 jarida la kitabibu la New England la Marekani lilichapisha majaribio ya watu waliopaka dawa mbalimbali za mbu kisha wakatia mikono yao kwenye vizimba vyenye mbu. Waliopaka dawa yenye kemikali ya DEET kwa kiwango cha asilimia 23.8 walikaa bila kuumwa kwa wastani wa dakika 301, yaani saa tano. Waliopaka dawa za mafuta ya sitronela, ambayo ni ndugu ya mchaichai wetu, hawakupata hata dakika 20.

Msomaji, dakika 20 hazitoshi kusubiri feri.

Hapa ndipo wataalamu walipopata wazo la kuyafungia mafuta ya harufu ndani ya chembe ndogo za mafuta mazito ili yatoke polepole. Ili kuelewa, fikiria tui la nazi. Nazi ina mafuta na maji, navyo havipatani. Lakini ukikuna na kukamua, unapata tui jeupe ambamo mafuta yametawanyika katika matone madogo yasiyoonekana kwa macho, kila tone likiwa limevikwa ngozi nyembamba inayolizuia lisiungane na jenzake. Ukiliacha tui likae, mafuta hupanda juu, kwa sababu matone ni makubwa na ngozi yake ni dhaifu.

Sasa fikiria tui ambalo matone yake ni madogo mara nyingi zaidi na hayapandi juu kwa urahisi. Nanometa moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni moja. Unywele wako una upana wa nanometa 80,000 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina nanometa 7,000 hivi. Vibebeo hivi vya mafuta huwa kati ya nanometa 50 na 300. Huwezi kuvitambua hata kwa darubini ya kawaida ya shule.

Namna ya kuvitengeneza si uchawi. Mafuta magumu, mathalani nta, huyeyushwa kwa moto. Mafuta ya harufu hutiwa humo. Maji ya moto yenye kitu mfano wa sabuni, kama lesithini itokayo kwenye soya au kiini cha yai, huongezwa na kukorogwa. Kisha mchanganyiko husukumwa kwa nguvu nyingi kwenye tundu jembamba sana la mashine ili matone yapasuke yawe madogo. Ukipoa, kila tone huganda na kuwa chembe.

Chembe za kwanza za aina hii zilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na miongoni mwa waliozianzisha ni Profesa Rainer Müller wa Berlin. Zilikuwa za mafuta magumu matupu, na zikaonyesha ila. Mafuta magumu yakiganda hujipanga kama boriti zilizopangwa vizuri ghalani, hakuna nafasi katikati. Siku zikipita, yanajipanga vizuri zaidi na kuyasukuma nje yale mafuta ya harufu. Mwishoni mwa miaka hiyo wakapata dawa ya ila hiyo: wakachanganya mafuta magumu na mafuta ya maji. Boriti zikawa hazijipangi sawasawa, na katika zile nafasi mafuta ya harufu yakapata pa kukaa. Mwaka 2006 watafiti wa Cagliari nchini Italia, wakishirikiana na Müller, walionyesha kwamba mafuta ya mmea wa jamii ya pakanga yaliyofungiwa katika chembe za mafuta magumu hupaa polepole kuliko yale yaliyochanganywa na maji kwa njia ya kawaida.

WEWE MWENYEWE HUENDA UMESHACHANJWA NAZO

Kama bado unadhani haya ni mambo ya mbali, kumbuka mwaka 2021. Wakenya waliochanjwa dhidi ya korona kwa chanjo za Pfizer na Moderna walidungwa chembe za mafuta za kiwango cha nano. Ndani yake hakukuwa na mafuta ya mchaichai, bali ujumbe wa kuufundisha mwili kumtambua adui. Bila chembe hizo, ujumbe ule ungevunjikavunjika kabla ya kufika. Vilevile, wagonjwa wa kala-azar, maradhi yanayosumbua sehemu kama Baringo na Pokot, wana dawa iitwayo AmBisome ambayo hufungiwa katika vifuko vidogo vya mafuta ili isiwaumize figo kama ile ya zamani.

Kwa hivyo elimu hii ni ya kweli. Lakini tazama tofauti. Chanjo zile zilipimwa kwa maelfu ya watu, zikaandikishwa, na kila kichupa kilikuwa na nambari yake. Chupa ya bibi jirani yangu haikuwa hata na jina la mmea.

KWA NINI JAMBO HILI LITUHUSU SISI WA BARA?

Utaniuliza, kwani hakuna mambo makubwa zaidi ya kuandikia? Yapo. Lakini sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe tuna sababu yetu ya kuitaka dawa nzuri ya kupaka, na sababu hiyo inaruka mchana.

Kidingapopo, ambayo madaktari huiita dengi, ilizuka Mombasa mwaka 2013 na 2014, ikarudi 2017, na ikarudi tena 2021. Chikungunya ilianzia Lamu mwaka 2004 ikaja Mombasa, kisha ikatupiga tena mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Wengi wetu tunawakumbuka jamaa waliotembea wameinama kama wazee wa miaka tisini. Jina lenyewe ni la Kimakonde, kutoka kusini mwa Tanzania ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1952 na 1953, na maana yake ni kukunjika. Nalo jina la kidingapopo ni la pwani yetu hii. Dk. James Christie aliyefanya kazi Zanzibar aliliandika katika miaka ya 1870.

Magonjwa haya mawili huenezwa na mbu aina ya Aedes, yule mwenye madoadoa meupe miguuni. Huyu hauma usiku wa manane kama yule wa malaria. Huuma asubuhi na jioni kukiwa na mwanga, wakati mtoto yuko shuleni, mama yuko jikoni na baba yuko kwenye foleni. Chandarua ni kinga kubwa dhidi ya malaria, lakini hutembei nacho barabarani.

Mbu huyu tumemfuga wenyewe. Maji ya mfereji hayaji kila siku katika mitaa yetu mingi, kwa hivyo tunaweka mapipa, ndoo na mitungi. Humo ndimo anamotaga. Si mbali na hapa, huko Rabai, wataalamu wamekuta mbu wa jamii moja wa aina mbili: mweusi anayeishi msituni na kupenda harufu ya wanyama, na wa rangi ya kahawia anayeishi majumbani, anayetaga kwenye mitungi ya maji na kupenda harufu ya mtu. Mwaka 2014 Carolyn McBride na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba tofauti hiyo inahusiana na kipokezi kimoja cha harufu katika kipapasio cha mbu. Mbu wa Rabai, msomaji, amefundisha ulimwengu kwamba vita vyetu naye ni vita vya pua.

Na ikiwa ni vita vya pua, mimea yetu ina silaha. Mwaka 2004 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo ya kupima mafuta ya mimea kadhaa ya humu nchini, ikiwemo leleshwa, dhidi ya mbu wa malaria, na baadhi yake yakaonyesha nguvu ya kufukuza. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimefanya kazi na wakulima wa kikundi cha Muliru kando ya msitu wa Kakamega. Wakulima hao hupanda mmea wa jamii ya kivumbasi, huukamua, na mafuta yake hutengenezwa dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kama Kakamega wameweza, Pwani tunakosa nini? Kivumbasi kinaota kandokando ya nyumba zetu.

YULE KIJANA ALIKOSEA WAPI?

Nimrudie sasa yule kijana wa kikapu. Alijisifu kwamba mafuta yake yanaingia mpaka mifupani. Tuseme ni kweli. Basi hayafai kwa mbu!

Mbu hanusi mifupa. Dawa ya kumfukuza yapaswa ikae juu ya ngozi na kutoa harufu yake kidogo kidogo. Ile inayozama ndani imepotea kazi yake, na tena imepelekea mwili kemikali usiyoihitaji. Watengenezaji makini hutaka chembe zibakie juu. Anayetaka dawa ya kuchua maungo ndiye hutaka zishuke chini. Chupa moja haiwezi kufanya kazi zote mbili vizuri. Ukiambiwa kwamba inafanya, jua huyo muuzaji hakuelezwa na aliyemuuzia, au ameelezwa na anakuficha.

Isitoshe, udogo si upole. Watu wengi husikia "ndogo" wakadhani "laini". Kitu kilichokatwa vipande vidogo huwa na uso mkubwa zaidi wa kugusana na mwili, na chaweza kufika pahali ambapo kikubwa hakifiki. Ndiyo maana kila mchanganyiko mpya hustahili kupimwa upya, hata kama mafuta yenyewe ni ya zamani.

Na kuna suala la joto letu. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 za Selsiasi. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Mombasa mwezi wa Machi chupa iliyo ndani ya kikapu juani hupita hapo bila shida. Chembe iliyoganda vizuri Berlin yaweza kuwa mchuzi Changamwe. Nta ya nyuki, kwa upande mwingine, haiyeyuki hadi nyuzi 62 hivi. Maana yake ni kwamba mchanganyiko unaotufaa sisi itabidi utengenezwe na kupimwa hapa, katika jua hili hili. Nazi tunazo. Nta tunayo. Mchaichai na kivumbasi tunavyo. Karafuu iko ng'ambo ya bahari tu.

NINACHOTAKA

Kwanza, sheria zilizopo zitumike. Dawa ya kufukuza mbu katika nchi hii huandikishwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu. Dawa ya kutibu mtu iko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Chupa inayodai kufanya yote mawili bila nambari hata moja isingestahili kuuzwa penye watu maelfu kila asubuhi. Sisemi vijana wapigwe na kunyang'anywa vikapu. Wao ni watoto wetu wanaotafuta riziki. Nasema afuatwe anayejaza chupa.

Pili, vyuo vyetu viamke. Tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa hapo Tudor na Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi. Serikali ya kaunti ingetoa pesa kidogo kwa vijana wa kemia, swali likiwa moja tu: tutengenezeeni dawa ya kupaka itokanayo na mimea yetu, ikae saa nne kwenye ngozi yenye jasho, na mama wa Mtongwe aweze kuinunua. Swali hilo si dogo, lakini linajibika.

Tatu, wenye ujuzi walipwe. Wazee wa Pwani ndio waliojua kivumbasi kabla ya maabara. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Isije ikawa mafuta yetu yanafungiwa Ulaya, kisha tunauziwa kwa bei ya manukato.

Najua wapo watakaonipinga. Wengine watasema wazee wetu walichoma majani na kutundika matawi bila nano na wakaishi. Ni kweli, nami naiheshimu desturi hiyo. Lakini wazee hawakumtia mtoto puani mafuta ya gunia zima. Wengine watasema tupewe maji kwanza, mapipa yaondoke, mbu ataondoka. Hao nawaunga mkono kwa mikono miwili. Hakuna mafuta, yawe ya nano au ya kawaida, yatakayochukua mahali pa maji ya mfereji na kuzoa taka. Dawa ya kupaka ni mwavuli. Paa linalovuja bado linahitaji kuzibwa.

WAKATI TUNANGOJA

Msomaji, kabla hujanunua chupa yoyote, muulize muuzaji maswali haya: Ni mafuta ya mmea gani? Yamo kwa asilimia ngapi? Nani ametengeneza, na wapi? Nambari ya kuandikishwa ni ipi? Mtoto wa umri gani haruhusiwi? Akikwama kwenye swali la kwanza, mwage salama uende zako.

Kuna na jaribio dogo la nyumbani. Tia tone moja kwenye glasi ya maji. Chembe za kweli kwa kawaida huwa zimetengenezwa ndani ya maji, kwa hivyo tone hutawanyika na maji huwa na ukungu mweupe. Ukiona mafuta yanaelea juu yakimeremeta, hapo hakuna nano, umeuziwa mafuta ya kawaida kwa bei ya mara tatu. Lakini tahadhari: mafuta yaliyochanganywa na sabuni nayo hufanya maji yawe meupe. Jaribio hili laweza kumuumbua mwongo. Haliwezi kumthibitisha mkweli.

Mtoto mchanga usimtie mafuta ya harufu puani, mdomoni wala kifuani. Hata ile dawa ya mbu itokanayo na mkaratusi wa limau, ambayo wataalamu wa Marekani huipendekeza kwa watu wazima, wao wenyewe hukataza kumpaka mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Mtoto akiyameza, usimtapishe. Mchukue pamoja na chupa uwahi hospitali.

Funika mapipa. Kila wiki mwaga maji na usugue kuta za ndani, maana mayai ya Aedes hushikilia hapo na hustahimili ukavu. Ukipata homa kali na maumivu ya viungo, tumia parasetamoli, unywe maji kwa wingi, ukapimwe. Usimeze aspirini wala aibuprofeni kabla hujahakikishiwa kwamba si kidingapopo, kwa sababu dawa hizo zaweza kuzidisha kutoka damu.

Yule mtoto wa jirani sasa anasimama kwa kushikilia kiti. Juzi nilimwona bibi yake amekaa barazani, mtoto mapajani, ile chupa ameitundika ukutani kwa uzi. Nilimuuliza mbona hajaitupa.

"Naiweka, mwanangu," alinijibu, "kila anayekuja kuniuzia dawa namuonyesha."

Nadhani kila mtaa ungehitaji bibi kama huyo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Dawa njema ya mimea yetu ikipatikana siku moja, na naamini itapatikana, haitahitaji kupigiwa kelele kwenye feri. Itakuwa na jina lake na nambari yake kwenye chupa.